Fundo la Ulimi



Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuendelea na maneno yetu juu ya haki za jirani, lakini imetufikia barua ambayo tumeona haifai kucheleweshwa. Ametuandikia ndugu yetu mmoja wa Pwani, mzazi wa kijana wa kidato cha pili. Asema kuwa mwanawe amemletea karatasi kutoka skuli ili aitie saini, apate ruhusa ya kuingia katika chama cha midahalo na hotuba, ambacho hukutana kila Alkhamisi baada ya masomo. Karatasi hiyo imekaa juu ya kabati muda wa wiki mbili, na mzazi hajui afanye nini. Anazo khofu mbili. Ya kwanza, achelea kijana asije akafundishwa ubishi, akarudi nyumbani kubishana na wazazi wake. Ya pili ni kinyume cha hiyo: kijana mwenyewe ni mwenye haya nyingi, wakija wageni huwaamkia kisha akajificha chumbani, basi atapata nini huko ila kuaibika mbele ya wenziwe?

Kwa ufupi twamjibu: ndugu yetu, itie saini. Na kwa urefu twaomba atusikilize, yeye na wazazi wengine walio na karatasi kama hiyo juu ya makabati yao.

Mwaka juzi tulihudhuria mkutano wa wazazi na wakuu wa skuli moja ya sekondari, ambayo hatutaitaja jina. Wanafunzi wa Kiislamu wa skuli hiyo walikuwa na ombi moja tu: wapewe ruhusa ya kutoka mchana wa Ijumaa waende kusali katika msikiti ulio karibu, kisha warudi darasani. Ombi lilikuwa jepesi, na hoja zake walikuwa wameziandika vizuri. Wakamchagua mwenzao mmoja awasemee, kijana aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake, na tena mwenye kuhifadhi juzuu kadhaa za Kurani. Zamu yake ilipofika akasimama. Akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti." Akalirudia neno hilo mara ya pili, na mara ya tatu, kisha akaitazama karatasi yake kana kwamba imeandikwa kwa lugha asiyoijua. Mwenyekiti hakuwa mtu mkali. Alimngojea kwa muda, halafu akamwambia kwa upole, "Asante, kaa kitako mwanangu," na mkutano ukaendelea kwa mazungumzo ya bei ya sare.

Hakuna aliyelipinga ombi lile. Hakuna hata aliyelisikia. Na sisi tuliokuwapo, watu wazima wenye ndevu zetu, hatukuinuka kumsaidia. Twalikiri jambo hili hapa kwa haya. Kila mmoja wetu alimtazama mwenziwe, kwa kuwa sisi nasi hatukufunzwa kusimama mbele za watu tukasema, na umri peke yake haumfundishi mtu jambo hilo.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani jioni ile tulimkumbuka Sayyidna Jaafar bin Abi Talib (R.A.). Khabari yake inajulikana, lakini yafaa vijana waitazame tena kwa jicho hili la kusema. Waislamu wa mwanzo walipodhulumiwa Makka walihamia Habasha, kwa mfalme Najashi, mnamo mwaka 615 kwa hesabu ya miladi. Makureshi wakawafuatia kwa kuwatuma wajumbe wawili, Amr bin al-As na Abdallah bin Abi Rabia, pamoja na zawadi za ngozi zilizotengenezwa vizuri. Hila yao ilikuwa ni kuwapa zawadi kwanza wakuu wa dini walio karibu na mfalme, ili wamshauri awatoe wakimbizi bila ya kuwauliza neno lo lote. Walijua kuwa shauri lao litaharibika mara tu wale wakimbizi watakaposikilizwa. Najashi akakataa kuwatoa watu waliokimbilia nchi yake mpaka awasikie kwa masikio yake.

Hapo ndipo Jaafar alipokuwa msemaji wao, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mgeni katika nchi ya watu, mbele ya mfalme aliyezungukwa na maaskofu na vitabu vyao. Bibi Umm Salama (R.A.), aliyekuwa miongoni mwa wahajiri hao, ndiye aliyetusimulia. Tazameni namna kijana yule alivyoipanga hotuba yake. Hakuanza kwa kuwalaumu waliomshitaki. Alianza kwa kueleza aibu za kaumu yake, na nafsi yake akiwa ndani yake: kwamba walikuwa watu wa ujinga, wakiabudu masanamu, wakila mizoga, wakikata udugu, mwenye nguvu akimla mnyonge. Kisha akaeleza ni nani aliyewajia, naye wanaijua nasaba yake na uaminifu wake, na nini aliwaamrisha. Kisha mateso waliyoyapata kwa kumfuata. Mwisho kabisa ndipo alipofika kwa mfalme mwenyewe, akasema kuwa wameichagua nchi yake wakitaraji kutodhulumiwa. Alipotakiwa asome kitu katika yale aliyoteremshiwa Mtume (S.A.W.), akasoma mwanzo wa Surat Maryam, na mfalme akalia hata ndevu zake zikalowa. Jaafar alijua ni nani anayemsikiliza. Kesho yake Amr akarudi na fitina mpya juu ya Nabii Isa (A.S.), wakaitwa tena, na kijana akajibu tena, mara hii kwa maneno machache na bila ya kuficha itikadi yake. Wale wajumbe wakarudi Makka na zawadi zao.

Basi sisi tusiseme kuwa kusema ni jambo la wanasiasa na wauza dawa sokoni.

Ama kijana mwenye khofu, twataka ajue kuwa khofu hiyo si aibu. Nabii Musa (A.S.) alipoamrishwa kwenda kwa Firauni hakujidai kuwa yu fasaha. Tumeelezwa katika Surat Taha kuwa alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amfanyie jambo lake kuwa jepesi, na alifungue fundo lililokuwa katika ulimi wake ili watu wapate kuyafahamu maneno yake. Akaomba pia ndugu yake Harun awe pamoja naye kwa sababu ulimi wake ni mfasaha zaidi. Na Firauni baadaye alimfanyia dhihaka kwa kusema kwake, kama tusomavyo katika Surat Zukhruf. Pamoja na hayo Musa alikwenda, akasema. Haya ameyapitia Nabii. Haiwi ajabu yakimpitia mtoto wa kidato cha pili.

Wale wenye kigugumizi cha kuzaliwa nacho tusiwachanganye na wenye khofu tu. Hao wahitaji subira zaidi na, panapopatikana, msaada wa mtaalamu. Lakini hata mlango wao haukufungwa. Wasil bin Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 748, alikuwa hawezi kuitamka herufi ya ra, na watu wamehadithia namna alivyozoea kuhutubu hotuba nzima kwa maneno yasiyo na herufi hiyo. Hatukubaliani naye katika itikadi zake za Kimu'tazila, lakini juhudi yake hatuwezi kuikana.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kuwa ulimi hufunzwa kama mkono unavyofunzwa khati. Tuutazame mfano wa karibu, wa Mombasa hapa hapa. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alimaliza skuli mwaka 1948 kwa cheti cha daraja la tatu. Makerere ikamkataa. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu pale Mombasa, ambayo siku hizi ni chuo kikuu cha kiufundi. Alipokuwa karani hivyo alipewa nafasi ya kuhutubu katika hadhara ya Maulidi juu ya Mtume (S.A.W.), na miongoni mwa waliomsikia alikuwako Gavana wa Kenya wa siku hizo, Sir Philip Mitchell. Gavana alipendezwa, na hotuba hiyo ikawa ni sababu moja ya kufunguliwa njia ya masomo ya Uingereza, ambako alikwenda mwaka 1955. Makerere ile ile ikaja kumpa kiti cha profesa, na mwaka 1979 akatoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC. Cheti chake kilikuwa kimekwisha kusema kuwa hafai. Hotuba ya Maulidi ikasema neno jingine.

Na mfano wa mbali ni wa Al-Hajj Malik El-Shabazz, ambaye dunia yamjua zaidi kwa jina la Malcolm X. Huyu aliacha skuli baada ya darasa la nane, akaingia katika uhalifu, akafungwa. Mwaka 1948 alihamishiwa gereza la Norfolk katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Gereza hilo lilikuwa na maktaba kubwa, na lilikuwa na chama cha midahalo ambamo wafungwa walishindana na wanafunzi wa vyuo vikuu. Humo ndimo alimojifunza kusimama na kusema, na mwenyewe amesimulia katika khabari za maisha yake namna alivyoionja ladha yake. Yale aliyoyahubiri kwanza baada ya kutoka, chini ya kikundi alichokuwa nacho, yalikuwa na mengi yaliyo kinyume na dini yetu. Mwaka 1964 alihiji, akarudi katika njia ya Waislamu wote, na mwaka huo huo alifika Nairobi, Dar es Salaam na Unguja. Aliuawa Februari 1965. Twamtaja hapa kwa sababu ya lile gereza. Ikiwa chama cha midahalo kimemfaa mfungwa, twadhani kitamfaa mwana wa mtu aliye huru.

Sasa tumweleze ndugu yetu kitu gani hasa hufanyika huko, kwani huenda anakihofu kwa kuwa hajakiona. Kwa desturi hutangazwa mada siku kadhaa mbele. Siku ya mkutano huwapo mwenyekiti, katibu wa kuandika yaliyosemwa, na mshika saa mwenye kengele. Wasemaji wawili au watatu huiunga mkono mada, na idadi kama hiyo huipinga. Kila mmoja hupewa dakika chache, na kengele ikilia humaliza. Halafu waliokaa hupewa nafasi ya kuchangia. Mwisho mwalimu au mwamuzi husema nani amesema vizuri na kwa nini: amekuja na hoja gani, amezipanga vipi, sauti yake imefika au haikufika. Hayo ndiyo yote. Kosa analolifanya mtoto pale halimpotezei mtu haki yake. Wenziwe watacheka kidogo, na wiki ijayo atacheka yeye.

Mwenye haya nyingi asianze kwa hotuba. Aombe kwanza kuwa mshika saa, ambaye hulazimika kusema "imebaki dakika moja" na si zaidi. Akiisha kuizoea sauti yake mwenyewe katika chumba kile, aombe kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Kisha aulize suali moja kutoka alipokaa. Kisha atoe neno la shukrani. Baada ya muhula mmoja wa namna hii, akiitwa kuhutubu hatakuta mahali pageni. Moyo kwenda mbio, kinywa kukauka na mikono kutetemeka si upungufu wa akili. Ndivyo mwili unavyojitayarisha kwa jambo kubwa, kama unavyofanya mtu akisikia kishindo gizani. Hali hiyo hupungua kwa kusimama mara kwa mara. Kwa kungojea haipungui, bali huongezeka.

Wala asihifadhi hotuba neno kwa neno. Hili ndilo lililomponza yule kijana wetu wa mkutano, kwani mwenyewe alitwambia baadaye: alikuwa amehifadhi ukurasa mzima, sentensi ya kwanza ikampotea, na zote zilizofuata zikampotea nayo. Afadhali ahifadhi maneno ya kufungulia na ya kufungia tu, na yale ya katikati ayaandike kwa vichwa vyake juu ya kikaratasi kidogo. Na liko jambo jingine. Katika skuli nyingi za sekondari midahalo huwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mtoto hudhani awaogopa watu, kumbe akiogopacho ni lugha. Basi na aiseme hotuba yake nyumbani kwa Kiswahili kwanza, mpaka aijue anataka kusema nini; lugha ya pili itaifuata maana.

Nyumbani ndipo penye kazi kubwa, na hapa twasema na baba na mama. Baada ya sala ya Isha, kabla watu hawajatawanyika na kila mtu na simu yake, mpeni mtoto dakika tatu. Na asimulie alichokiona njiani, au kisa kimoja cha Sira, au aeleze kwa nini ataka baiskeli. Asikatwe maneno wala asisahihishwe katikati, na mdogo wake akicheka anyamazishwe. Akiisha, aulizwe suali moja la kweli. Tumeona nyumba ambazo mtoto hakupata kusikilizwa hata mara moja kwa miaka kumi na mitano, kisha baba yake hulalamika kuwa hana ujasiri. Atautoa wapi?

Ama ile khofu ya ubishi, hatuidharau. Mtume (S.A.W.) ameahidi, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, nyumba pembeni mwa Pepo kwa mwenye kuacha ubishi hata akiwa yu katika haki. Nasi tumewaona vijana waliotoka katika vyama hivi wakidhani kuwa aliyeshinda kwa maneno ndiye mwenye haki. Huo ni ugonjwa, na mzazi awe macho nao. Lakini dawa yake si kunyamaza, kwani mwenye kunyamaza kwa khofu hajaacha ubishi. Hakuwa nao wa kuuacha. Wanazuoni wetu walijadiliana na wakaweka adabu za kujadiliana, na imepokewa kutoka kwa Imam Shafi kuwa hakujadiliana na mtu ila alipenda haki idhihiri, ikiwa kwa ulimi wake au wa mwenziwe. Mzazi na amuulize mwanawe kila Alkhamisi jioni: mwenzako alisema nini kilicho kweli? Asipoweza kulijibu suali hilo, hapo ndipo pa kumkemea.

Wengine huuliza juu ya kijana kupewa upande asiouamini. Sisi twaona kuwa, maadamu wote waliohudhuria wanajua kuwa ni zoezi, hapana uwongo hapo, na kuna faida ya kuzijua hoja za upande wa pili kabla ya kuzihukumu. Ikiwa mada yenyewe yagusa itikadi ya dini, kijana na amwendee mwalimu mapema, kwa adabu, aombe upande mwingine au asamehewe siku hiyo. Kuomba huko nako ni kusema mbele za watu.

Na mabinti je? Mama mmoja alituuliza hilo zamani kidogo, nasi tulichelewa kumjibu; atusamehe. Surat Mujadila imeitwa hivyo kwa sababu ya mwanamke, Bibi Khawla bint Thaalaba (R.A.), aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akajadiliana naye juu ya jambo la mumewe, akamshitakia Mwenyezi Mungu, na Mwenyezi Mungu akayasikia maneno yake. Baada ya hayo hatuoni namna ya kumwambia binti yetu kuwa sauti yake haina kazi. Avae mavazi yake ya stara, mzazi amjue mwalimu anayekisimamia chama, ijulikane saa ya kurudi na nani atakayerudi naye, na sala ya Alasiri isipotee. Masharti haya, ila lile la mavazi tu, twamwekea mvulana pia, ijapokuwa wazazi wengi huyasahau kwake.

Huenda ndugu yetu akataka kujua mambo ya yule kijana wa mkutano yaliishia wapi. Ombi la sala ya Ijumaa lilipelekwa tena muhula uliofuata, likasemwa na mwanafunzi mwingine, likakubaliwa kwa sharti la kurudi darasani kabla ya saa nane. Yeye hakutaka kusimama mara ya pili. Lakini alikwenda akajiandikisha katika chama cha midahalo, akawa mshika saa mwaka mzima. Mwaka huu, katika Maulidi ya madrasa yao, alipewa kusoma neno la shukrani. Tulikaa nyuma kabisa. Karatasi ilikuwa ikimtetemeka mkononi hata sisi tukaiona, naye akasema mpaka akamaliza, na kina mama waliokaa nje ya ua wakaitikia dua yake.

Wassalaam.